Uzee Kijijini: Mwili, Kazi na Riziki

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee nchini Tanzania kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Umri huo ndio ambao mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima. Mwalimu, karani au muuguzi akiufikia hukabidhi ofisi, hupokea kiinua mgongo na huanza kusubiri pensheni ya kila mwezi. Mkulima naye hufikisha miaka 60, na kesho yake huamka na jembe begani kama jana, kwa kuwa hakuna ofisi ya kukabidhi wala mfuko uliokuwa ukimwekea akiba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wa umri huo wapatao milioni 2.5, yaani kati ya watano na sita katika kila mia. Wengi wao wanaishi vijijini, na wengi wa hao hulima, hufuga au huvua mpaka mwili ukatae.

Kwa sababu hiyo, afya ya mzee wa kijijini haielezeki kwa orodha ya magonjwa peke yake. Swali la kwanza ni la kazi: nani anateka maji, nani anatafuta kuni, nani anapalilia. Ndoo ya plastiki inayotumika karibu kila kijiji hubeba lita 20, na lita 20 za maji ni kilo 20. Kijana huipandisha kichwani kwa mkupuo mmoja. Bibi wa miaka 72 huhitaji mtu wa kumtwika, na akimkosa huchota nusu, kisha hurudi kisimani mara ya pili. Siku atakaposhindwa hata hiyo nusu, hapigi kelele, hupunguza matumizi. Kuoga kunakuwa kwa siku moja moja, kufua kunasubiri mjukuu wa likizo, na jikoni vinaondoka vyakula vinavyotaka maji mengi na moto wa muda mrefu. Maharage na makande ndivyo vya kwanza kuachwa, tena meno yaliyobaki nayo hayavitaki. Hubaki ugali na mboga za majani, au uji asubuhi na uji jioni. Mzee anaweza kudhoofika kwa kukosa protini huku debe la maharage liko chumbani mwake.

Kazi hiyo hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko yanayosikika zaidi: magoti, kiuno na mabega. Jembe la mkono huinamisha mgongo kwa saa nyingi, na miaka arobaini ya kuinama haipiti bure. Dawa ya kwanza hutoka duka la dawa muhimu, ambako muuzaji hukata kipande cha kadi ya diklofenaki kwa mkasi na kuuza vidonge vinne au sita kwa kadiri ya pesa iliyopo. Maumivu hutulia, mzee hurudi shambani, na wiki ijayo hununua vingine. Hapa pana hatari ambayo muuzaji ni nadra kuitaja: diklofenaki ikitumika kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo na utumbo, na wanaoimeza zaidi ndio hao ambao presha yao haijapimwa. Kipande cha kadi kilichokatwa hakina hata maelezo ya kusoma, na kama yangekuwapo, macho yangekataa.

Macho yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo mzee anapopoteza mengi kwa jambo dogo. Baada ya miaka arobaini hivi lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na mtu hushindwa kuona vitu vya karibu. Uchunguzi uliofanyika wilayani Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta hali hiyo kwa asilimia 61.7 ya watu wa miaka 40 na zaidi. Waliokuwa na miwani ya kuirekebisha walikuwa wachache mno. Watu wa mjini hudhani miwani ya kusomea ni ya wasomi, lakini kijijini kuona karibu ni kazi ya kila siku: kuchambua mawe kwenye mchele, kutunga uzi kwenye sindano, kutofautisha mbegu nzima na iliyobunguliwa, kutoa funza kwenye kidole cha mjukuu. Siku hizi imeongezeka simu. Mzee asiyeona namba humpa mtu mwingine simu pamoja na namba yake ya siri ili amtolee fedha, na kuanzia hapo usalama wa fedha hiyo unategemea uaminifu wa aliyepewa.

Kupungua kwa uwezo wa kuona karibu si upofu. Upofu huletwa zaidi na mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda kwenye lenzi, na huondolewa kwa upasuaji mfupi ambao mgonjwa huwa macho wakati unafanyika. Wengi huuogopa kwa kusikia kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa, likarudishwa, jambo ambalo halifanyiki kabisa. Presha ya jicho ni mbaya kuliko mtoto wa jicho kwa sababu kinachopotea hakirudi. Kisha vipo vikope, ugonjwa wa sehemu kavu zenye vumbi na uhaba wa maji. Kongwa yenyewe imetafitiwa kwa miongo mingi kwa sababu yake. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, kovu hujengeka ndani ya kigubiko cha jicho, na akifika utu uzima kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni kila anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Wengi hung'oa kope hizo kwa kibano, zikaota tena zikiwa ngumu kuliko za mwanzo.

Kwa upande wa shinikizo la damu, mahali palipochunguzwa vizuri ni wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti wamefuatilia vijiji kwa miaka mingi. Miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi, karibu saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakujua. Presha haiumi. Mzee anayefahamu uchungu wa malaria na wa jino haoni sababu ya kumeza kidonge kila siku kwa ugonjwa asiousikia, hasa kidonge hicho kikiwa cha kununua. Habari hufika siku ya kiharusi, na hata hapo si wote wanaoipokea kama habari ya presha. Mtu aliyelala mzima akaamka mdomo umepinda na mkono hauinuki ni ushahidi tosha kwa majirani kwamba ametupiwa kitu. Siku za mwanzo, ambazo ndizo zenye faida kubwa kwa mazoezi ya viungo na kwa kuzuia kiharusi cha pili, huishia kwa mganga.

Hai imetoa pia picha ya magonjwa ya ubongo. Kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, takribani sita katika kila mia walikutwa na ugonjwa wa kusahau, ule unaovuruga kumbukumbu mpaka mtu hawezi kujihudumia. Ugonjwa wa Parkinson, unaokakamaza mwili na kutetemesha mikono, ulitafutwa nyumba kwa nyumba katika idadi ya watu zaidi ya 160,000. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa zake zinafahamika tangu miaka ya 1960. Wazee hao walikuwa wakiishi na tetemeko lao, familia zikiamini kwamba ndio uzee, na zahanati ikiamini vivyo hivyo. Kauli ya "ni uzee tu" ndiyo inayowanyima wazee wengi tiba, na hutoka kwa wahudumu wa afya mara nyingi kama inavyotoka kwa ndugu.

Yapo pia maradhi ya siri. Kwa wanaume ni tezi dume: mkojo hukatika, huja kwa matone, na huamsha mtu mara nne usiku. Kwa wanawake waliozaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito ni kizazi kushuka, hali ambayo wengi hawaitamki hata kwa binti zao, sembuse kwa tabibu kijana wa kiume. Yote mawili yanatibika, na yote mawili hufikishwa hospitali yakiwa yamechelewa, kwa sababu ya aibu.

Kuamka usiku kunaleta hatari nyingine. Choo cha shimo hujengwa nyuma ya nyumba, hatua kadhaa kutoka mlangoni, na njia yake haina taa. Ndani ya choo hakuna pa kushika. Mtu huchuchumaa juu ya tundu kwa magoti yale yale yaliyochoka, kisha hulazimika kujiinua bila msaada. Wengi huanguka hapo au njiani. Nyonga ikivunjika, tiba halisi ni upasuaji katika hospitali kubwa, na kwa familia nyingi upasuaji huo ni ndoto. Mzee hulazwa nyumbani, hufungwa na fundi wa mifupa, hupata vidonda vya kulalia, kisha nimonia, na msibani husemwa kwamba alianguka akaumwa. Fimbo mbili za kushikia zilizochimbiwa ndani ya choo, pamoja na kiti cha mbao chenye tundu, vingewaokoa baadhi yao. Fundi seremala yeyote wa kijiji anaweza kukitengeneza, lakini haiingii akilini mwa watu kwamba choo nacho ni suala la afya ya mzee.

Sera ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Halmashauri nyingi zimetoa vitambulisho vya matibabu, na kwenye vituo vya huduma hukutwa maandishi yanayosema "Mpishe mzee kwanza" au dirisha lililotengwa kwa ajili yao. Hilo limesaidia, na kulibeza si haki. Ila kitambulisho hufungua mlango tu. Mzee huandikiwa bure, humwona daktari bure, kisha huambiwa dawa hazipo, akanunue nje. Zahanati za vijijini zilijengwa zikiwa na mama, mtoto na malaria akilini. Kliniki ya presha na sukari mara nyingi iko kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi huweza kuzidi bei ya vidonge vya mwezi mzima, na kwa anayehitaji msindikizaji nauli huwa mbili. Ugonjwa wa kudumu hutaka safari hiyo kila mwezi, maisha yote. Wengi huenda miezi mitatu, wakajisikia nafuu, wakaacha. Ugumu mwingine ni kuthibitisha umri wenyewe: mtu aliyezaliwa nyumbani katika miaka ya 1940 hana cheti, na huijua miaka yake kwa njaa fulani au kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa naye.

Pamoja na maradhi hayo yote, mzee wa kijijini bado ni mlezi. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kizazi cha katikati kilipukutika. Migomba ilibaki, bibi akabaki, na wajukuu wakabaki. Yule aliyetarajia kutunzwa na wanawe aliwazika, kisha akaanza kulea upya akiwa na miaka 65 au 70. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mwaka 2003 lilianzishwa shirika la Kwa Wazee, ambalo liliamua jambo lililoonekana la ajabu wakati ule: kuwapa wazee fedha taslimu kila mwezi, na nyongeza kwa kila mtoto wanayemlea, bila masharti ya matumizi. Wasiwasi wa kawaida ulikuwepo kwamba zitanywewa pombe. Tathmini iliyofanyika baadaye ikalinganisha waliopata na wasiopata, ikakuta fedha zimekwenda kwenye chumvi, sabuni, chakula na viatu vya shule. Sabuni yaweza kuonekana kitu kidogo kwa asiyewahi kuikosa. Kwa bibi wa Muleba ndiyo ilimwezesha kwenda kanisani na mkutanoni bila kuona haya, na mjukuu kukaa darasani bila kuchekwa.

Heshima kwa wazee husifiwa sana katika hotuba, lakini katika Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga, Mwanza na Geita, wanawake wazee wameuawa kwa panga kwa kutuhumiwa uchawi. Dalili inayotajwa mno ni macho mekundu. Chanzo chake kinajulikana. Usukumani miti imepungua kwa miaka mingi, kwa hiyo hupikwa kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya nyumba isiyo na madirisha, na anayekaa karibu na moto huo kwa miaka hamsini ni mwanamke. Moshi ule ule unaoharibu mapafu yake hufanya macho yawe mekundu, na macho hayo huwa hukumu. Wilayani Magu shirika la Maperece lilikuja na jibu la kawaida sana: kufundisha ujenzi wa majiko yanayotoa moshi mdogo, pamoja na kukarabati nyumba za wajane na kuzungumza na viongozi wa mila. Waganga wanaopiga ramli za kutaja wachawi nao wana mkono wao katika mauaji haya. Ndiyo maana Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, ingawa hatua hiyo ilisukumwa zaidi na mauaji ya watu wenye ualbino.

Nyuma ya tuhuma mara nyingi pana shamba. Mjane asiye na mtoto wa kiume karibu yake amekalia ardhi ambayo shemeji au mtoto wa kaka anaitaka, na tuhuma ni njia fupi kuliko mahakama. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 haikumpa mjane urithi wa ardhi ya ukoo. Ilimwacha mikononi mwa watoto na ndugu wa mume. Kesi iliyotikisa mambo hayo ilianzia katika mahakama ya mwanzo huko Muleba. Mwanamke mmoja wa Kihaya alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipoona anazeeka na hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa Sh300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata ndugu mmoja akafungua shauri, akidai kwamba kwa mila mwanamke hutumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Mwaka 1990 kesi hiyo, inayojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, ikamfikia Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza. Aliamua kwamba katazo hilo linapingana na haki zilizo ndani ya Katiba, na kwamba mwanamke aweza kuuza kama mwanamume. Mwanaukoo aliyeitaka ardhi alipe bei kamili ndani ya miezi sita au aiache. Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria kama ushindi wa wanawake, na ni kweli. Inasahaulika tu kwamba ilianza kama kesi ya uzee: huyo mama alikuwa akitafuta fedha za kuishi.

Asiye na ardhi wala ndugu huishia kwenye makazi ya wazee ya serikali, kama Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Sukamahela mkoani Singida au Njoro mkoani Kilimanjaro. Baadhi yake yalianza kama makambi ya wenye ukoma. Ni machache, na hayawezi kuwa jibu kwa wazee mamilioni. Karibu wote watazeekea na kufia kijijini kwao, na huko ndiko wanakotaka.

Ndiyo maana mjadala hurudi kwenye fedha. Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, umewafikia wazee wengi, lakini huwafikia kwa kuwa kaya zao ni maskini; mzee ambaye kijiji kimeona kaya yake ina nafuu hubaki nje, hata kama yeye mwenyewe hashiki senti. Kenya ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umeandikisha watu wa miaka 70 na zaidi kwa kigezo cha umri, kwa Sh2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda ilianza kwa majaribio, kisha ikapandisha umri hadi miaka 80 ilipoeneza malipo nchi nzima, uamuzi unaowaacha wengi kaburini kabla ya zamu yao. Zanzibar ilitangulia Kenya. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza Pensheni Jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa waziri au mvuvi wa pweza wa Makunduchi, kwa fedha zake yenyewe na si za wafadhili. Malipo yalikuwa Sh20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 yakapandishwa hadi Sh50,000. Hayatoshi kumlisha mtu mwezi mzima. Yanatosha nauli ya kliniki, vidonge vya presha, sabuni na mtoto wa jirani wa kuteka maji, na hayo ndiyo yanayomfanya mzee wa kijijini augue mapema asipoyapata.